MASHAURI YA NYUMBANI: Gari Likilala Polisi



Leo twasema juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Baba, au kijana wa nyumbani, amekamatwa usiku akiendesha gari naye amelewa. Yeye amelazwa mahabusu, na gari limelazwa katika uwanja wa polisi. Asubuhi habari yafika nyumbani. Nani aende? Achukue nini? Amwone nani? Alipe nini, na asilipe nini? Katika saa hizo za mahangaiko ndipo jamaa nyingi hupoteza fedha kuliko zile zilizopotea kwa pombe yenyewe. Basi ni heri kuyajua mambo haya wakati nyumba imetulia.

Nimechagua kutoa mifano ya Katoro, katika Wilaya ya Geita, kwa kuwa mji ule umekua upesi na magari yake ni mengi. Barabara kuu itokayo Mwanza kupitia Geita yapita katikati yake ikielekea Bwanga na Biharamulo, na jirani kabisa iko Buseresere ya Wilaya ya Chato. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, magari hayangoji tena kivuko pale ziwani. Kuzunguka mji wako wachimbaji wadogo wa dhahabu, wenye maduara yao na makarasha yao. Fedha ya dhahabu haina msimu kama fedha ya pamba. Yaweza kuja Jumanne usiku, nayo ikija hukuta baa ziko wazi. Mahali penye fedha ya ghafula, vilevi tele, na michomoko na bodaboda zisizolala, hapana ajabu mtu akishika usukani hali mikono yake haimtii tena.

Lakini msomaji wa kijijini asiseme, "Hayo ni ya mjini." Gari lile la kubebea mpunga, au pikipiki ile iliyonunuliwa kwa fedha ya ng'ombe wawili, ndiyo hiyo hiyo iendayo Katoro na kulala huko.

SHERIA YASEMAJE

Sheria inayohusika ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168 ya sheria zetu. Hiyo yakataza mtu kuendesha chombo cha moto, au kujaribu kukiendesha, au kuwa na chombo mikononi mwake barabarani, hali amelewa kiasi cha kutoweza kukimudu. Yaani hata yule aliyekamatwa akihangaika kutia ufunguo asidhani kwamba amesalimika kwa sababu gari halijaondoka. Tena pikipiki ni chombo cha moto sawasawa na lori.

Sheria imeweka pia kipimo: miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Askari wa usalama barabarani aweza kumtaka dereva apulize katika kipima kilevi. Mahali pasipo na chombo hicho, dereva aweza kupelekwa hospitali akapimwe. Kukataa kupimwa bila sababu ya haki nako ni kosa, wala hakumsaidii mtu.

Kosa hili si geni duniani. Tarehe 10 Septemba 1897, huko London, dereva wa teksi aitwaye George Smith aligonga nyumba kwa gari lake la umeme, akakiri kwamba alikuwa amelewa, akatozwa faini ya shilingi 25. Husemwa kwamba yeye ndiye wa kwanza kuhukumiwa kwa kosa hili. Siku hizo ulevi wa dereva ulipimwa kwa macho na pua ya askari, na mabishano hayakwisha. Mwaka 1954 Robert Borkenstein wa Indiana, Marekani, aliyekuwa amefanya kazi ya polisi, alibuni chombo cha kupima pumzi. Mwaka 1967 Uingereza ikaweka katika sheria yake kipimo hicho hicho cha miligramu 80. Basi askari wa Katoro akikutolea chombo cha kupuliza, usidhani kwamba amekuja na jambo la kukuonea wewe tu.

GARI HALISHTAKIWI

Hapa ndipo pa kuelewa vizuri. Usiku ule vimeshikwa vitu viwili: mtu na gari. Mtu ndiye mshtakiwa. Gari halikunywa. Kwa hiyo njia ya kumtoa mtu na njia ya kulitoa gari ni mbili, ingawa zaanzia katika mlango mmoja wa kituo.

Gari laweza kuwa limezuiliwa kwa sababu mojawapo ya hizi mbili. Ya kwanza, dereva amelewa, na hapakuwa na mwingine wa kuliendesha. Askari hawawezi kuliacha kando ya njia lichomolewe betri na magurudumu. Gari la namna hiyo limewekwa tu kwa usalama, na mwenyewe akifika na hati zake na dereva mzima, hakuna sababu ya kulikalisha. Ya pili, gari limegonga mtu au kitu, au lahitajiwa kama kielelezo cha kesi. Hilo lazima kwanza litazamwe na mkaguzi wa magari, aandike hali ya breki, taa, magurudumu na usukani. Na ikiwa limekwisha ingizwa katika kesi kama kielelezo, kuachiliwa kwake huhitaji amri ya mahakama.

Basi swali la kwanza la kuuliza kituoni, kwa adabu, ni hili: "Afande, gari hili limezuiliwa kwa usalama wake, au ni kielelezo?" Jibu la swali hilo laonyesha njia yote iliyobaki. Mtu asiyeuliza huweza kurudi kituoni siku 4 akingoja idhini ya mkubwa fulani, kumbe karatasi iliyotakiwa ni ya hakimu.

Wengine watasema vyombo hukaa tu vituoni hata vikaota kutu. Ni kweli jambo hili limewahi kulalamikiwa nchi nzima, hasa juu ya pikipiki. Mwaka 2018 Kangi Lugola, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliwaagiza polisi wasilundike bodaboda vituoni, ila zile zilizohusika na uhalifu, zilizopata ajali, au zisizo na mwenyewe. Hata hivyo mwenye mali asingoje agizo la waziri. Chombo kisichofuatiliwa huhesabiwa mwishowe kuwa hakina mwenyewe, na mali isiyo na mwenyewe, baada ya kutangazwa, hupigwa mnada.

MTU KWANZA, GARI BAADAYE

Jamaa wengine hukimbilia gari na kumsahau mtu. Hilo si jema, wala halina faida. Mshtakiwa ndiye ajuaye ufunguo uko wapi, kadi imewekwa wapi, na ndani ya gari mlikuwa na nini.

Polisi waweza kumpa dhamana mtu wa kosa hili akisha levuka. Asipopewa, sheria yataka afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 24. Waende wadhamini wenye vitambulisho vyao, na barua ya mtendaji wa kijiji au ya mtaa inayowatambulisha. Dhamana ni bure. Haina bei ya mchana wala ya usiku. Mdhamini atia sahihi kwamba mtu atafika siku aliyoambiwa. Hatoi fedha ya kununua mlango. Na siku hiyo ikifika, ni lazima mtu aende. Asipokwenda amemwingiza matatani mdhamini wake, na gari, likiwa ni kielelezo, litazidi kukaa.

VITU VYA KUCHUKUA

Mwenye gari, au mtu aliyetumwa naye, achukue hivi:

1. Kadi ya gari, ile ya usajili. Nakala peke yake haitoshi. Chukua na ile halisi.

2. Kitambulisho chako cha Taifa. Ukiwa umetumwa, chukua barua ya mwenye gari yenye sahihi yake na nakala ya kitambulisho chake.

3. Hati ya bima iliyo hai. Gari lisilo na bima haliruhusiwi barabarani hata kama dereva wake hajapata kuonja pombe.

4. Leseni hai ya dereva mwingine, na dereva huyo mwenyewe.

5. Karatasi yoyote mliyopewa usiku ule, hasa hati ya ukamataji mali kama iliandikwa.

Fikeni mkiwa safi na watulivu. Muulizeni mkuu wa kituo, au mkuu wa usalama barabarani wa mahali pale. Andikeni jina la afande anayewahudumia na namba ya jalada. Kuandika si ujuvi. Ofisi hupenda mtu ajuaye namba yake kuliko mtu asemaye, "Lile gari jeupe la juzi."

Kabla ya kutia sahihi kwamba mmepokea gari, lizungukeni lote. Tazameni gurudumu la akiba, jeki, betri, redio, vioo na mafuta. Pigeni picha kwa simu. Kilichopungua kitajwe pale pale na kiandikwe. Ukisha tia sahihi na kufika nyumbani, hakuna atakayekusikiliza juu ya jeki.

Kuna na mizigo. Gari la Katoro laweza kuwa na dagaa wa mama mmoja, magunia ya mchele ya mwingine, na mifuko ya mawe ya mchimbaji aliyekuwa akienda karashani. Watu hao hawakulewa. Wenye mizigo waende mapema, kila mmoja na ushahidi wake, waombe mali yao iandikwe na watolewe. Dagaa wabichi hawangoji kesi.

FEDHA ZA HALALI NA FEDHA ZA GIZANI

Yako malipo ya kweli. Kama gari lilivutwa, mwenye gari la kuvutia atadai ujira wake. Ulizeni bei mbele ya shahidi, mpatane, mpewe risiti. Kama gari lina madeni ya zamani ya faini, hayo nayo yatatokea katika mtambo wa polisi kwa namba ya gari, na yafaa kulipwa. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya malipo, ile watu waiitayo kontroo namba, kwa simu au benki. Fedha iingiayo mfukoni mwa mtu bila namba hiyo si fedha ya Serikali.

Wengi huchanganya kosa hili na yale madogo. Faini ya papo kwa papo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 30,000 kwa gari, na ambayo kwa pikipiki na bajaji Serikali iliipunguza mwaka 2021 hadi shilingi 10,000, ni kwa ajili ya makosa kama taa mbovu au kutofunga mkanda. Ulevi si wa kumalizwa kando ya njia. Ni kesi ya mahakamani, na hakimu aweza kutoza faini, kufunga, na tena kumnyang'anya mtu haki ya kuendesha kwa muda. Basi mtu akikuambia, "Lete laki mbili tuyamalize," ujue kwamba hajamaliza kitu. Jalada laweza kufunguliwa tena kesho, nawe utakuwa umetenda kosa la pili, kwa maana atoaye rushwa na apokeaye wote wawili ni wakosaji. Simu ya TAKUKURU ni 113, nayo ni bure.

Najua kinachowasukuma watu. Gari ni la hesabu. Kila siku likikaa, kuna mtu anadai. Kijana wa bodaboda aliye katika mkataba hujua kwamba siku 5 bila hesabu zaweza kumpokonya pikipiki aliyoilipia miezi 10. Shida hiyo ni ya kweli. Lakini dawa yake ni kumwendea mwenye pikipiki siku ile ile ya kwanza, kumweleza ukweli, na kumwomba aje na kadi yake, maana bila yeye pikipiki haitoki. Anayeficha hupata hasara mara mbili.

KADI YENYE JINA LA MTU MWINGINE

Tatizo hili huwakuta watu wa vijijini kuliko lingine lolote. Mtu amenunua gari au pikipiki kwa mtu Mwanza au Kahama. Wameandikiana karatasi, wamepeana mikono, fedha imehesabiwa, basi. Kadi imebaki na jina la aliyeuza. Miaka 3 yapita bila neno. Siku chombo kikikamatwa, polisi wasoma kadi, wauliza, "Huyu mwenye jina yuko wapi?" Naye kumbe amehama, au amebadili simu, au amefariki na watoto wake wanagombea urithi.

Polisi hawana kosa kwa kuuliza. Je, wakimpa gari kila aliye na ufunguo, wezi wasingefurahi? Aliye katika hali hiyo alete mkataba wa mauziano, alete mashahidi waliotia sahihi, na amtafute muuzaji. Lakini aliye salama leo asingoje. Aende TRA pamoja na muuzaji wakabadili jina sasa, angali wanapatana. Gharama ya kubadili jina ni ndogo kuliko nauli za kumtafuta mtu aliyepotea.

ASUBUHI SI KULEVUKA

Hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui. Sikilizeni mazungumzo ya mtu na mpwa wake, kama yanavyoweza kusikika mbele ya kituo chochote saa 12 asubuhi:

"Shikamoo, mjomba. Ahsante kwa kuja. Nipe ufunguo nilirudishe gari nyumbani."

"Marahaba. Wewe hushiki ufunguo leo."

"Mjomba, nimelala. Nimeoga maji baridi. Nimekunywa na kahawa."

"Ulikunywa pombe mpaka saa ngapi?"

"Saa 7 hivi."

"Basi umelala, ila pombe haijalala. Panda nyuma."

Mjomba huyo ana haki. Ini la mtu mzima huondoa kilevi polepole, kwa wastani miligramu 15 hivi katika kila mililita 100 za damu kwa saa moja. Wengine huenda polepole zaidi. Tuseme saa 7 usiku mtu alikuwa na miligramu 200. Ifikapo saa 12 asubuhi zimepita saa 5. Zimetoka 75, zimebaki 125. Bado amevuka kipimo cha sheria sana. Atashuka hadi 80 mnamo saa 3 asubuhi, na kilevi kitamwisha baada ya saa 8 mchana. Kahawa humfungua macho tu. Ini halijui kahawa. Supu ya makongoro ni chakula chema, lakini haiharakishi kitu. Maji baridi humfanya mlevi kuwa mlevi aliyelowa.

Ndiyo maana nimesema, nendeni na dereva mwingine. Ni aibu kubwa, tena ni hatari kubwa, gari kukamatwa mara ya pili kabla halijafika nyumbani.

GARI LIKISHA RUDI

Gari likisha simama uani, watu hupumua, nao husema, "Yamekwisha." Hayajaisha. Kesi bado ina tarehe. Aliyenyang'anywa haki ya kuendesha asiguse usukani mpaka muda wake uishe. Na kama kulikuwa na ajali, mwenye gari asome hati yake ya bima. Bima kubwa kwa kawaida hukataa kulipa hasara ya gari lililoendeshwa na mlevi. Na hata pale kampuni inapomlipa mtu aliyegongwa, yaweza kumgeukia mwenye bima na kudai irudishiwe.

Halafu kuna hesabu ya nyumbani, ambayo ndiyo nzito. Fedha iliyotumika imetoka wapi? Mara nyingi ni ada ya shule, au mbegu ya msimu ujao, au akiba ya mama katika kikoba. Mume aliyeleta hasara hiyo asiifunike kwa ukali. Aketi na mke wake, waandike kila kilicholipwa, na apange jinsi ya kukirudisha, akianza na fungu lake mwenyewe la pombe. Mke naye asilifanye jambo hili wimbo wa kila jioni. Lisemwe mara moja, mpaka mwisho, mbele ya watu wawili wenye busara ikilazimu, kisha kazi ianze. Watoto wasidanganywe kwamba gari lilikuwa gereji. Habari wanazo tayari. Wamezipata kisimani na shuleni.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yalitaja jambo hili waziwazi katika namba 2290: anayehatarisha maisha yake na ya wenzake barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana hatia kubwa. Tazameni kwamba haisemi "akiua". Yasema akihatarisha. Mtu aliyefika nyumbani salama huku amelewa hana la kujisifia. Walio kando ya njia ndio waliopona.

Na hili ndilo shauri langu la mwisho. Zamu ya ubarikio, harusi na mavuno yaja, na watu wataalikana. Kabla gari halijaondoka nyumbani, jamaa wapatane ni nani hatakunywa siku hiyo, na ufunguo ukae kwake tangu mwanzo. Wasiseme, "Tutaona huko huko," maana huko huko kila mtu hujiona mzima. Kama hakuna wa kujizuia, gari libaki uani, waende kwa basi au walale ugenini. Usiku mmoja wa kulala kwenye mkeka kwa shemeji haujamfilisi mtu.